Kuku wa Ukwe na Mpira wa Meza

Nilianguka kutoka juu ya lori. Watu wakiniuliza lilikuwa refu kiasi gani, huwaambia minazi miwili iliyopandana, na mke wangu akiwa karibu hunirudi: "Lilikuwa lori, si mnara." Haya, lilikuwa lori. Mimi nilikuwa utingo, nimekaa juu ya magunia ya korosho, tunateremka kutoka Newala kwenda Masasi, naimba kwa sauti ambayo ningesema ilisikika mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Kwenye kona ya kwanza ya mteremko kulikuwa na tawi limejitokeza barabarani. Nililiona, nikaliinamia. La pili lililokuwa nyuma yake sikuliona.

Nilipofumbua macho nilikuwa Ndanda, hospitali ya misheni, na kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa kama nimeazima miguu ya mtu mwingine. Niliiambia isogee. Haikunisikia. Niliiambia tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka nikaacha kuisumbua.

Sasa, jambo ambalo liliniuma kuliko mgongo ni hili. Nilikuwa na mchumba Newala. Sisi tuliokuwa wa dini ya Masasi, yaani Waanglikana, ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Tangazo la kwanza lilisomwa, watu wakanitazama. La pili likasomwa, watu wakanizoea. La tatu lilikuwa lisomwe Jumapili ile ambayo mimi nilikuwa nimelala chali Ndanda nahesabu boriti za dari. Halikusomwa.

Aliyelizuia ni mjomba wa binti. Kwetu Wamakonde mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, kaka wa mama. Baba hukaa pembeni akasikiliza kama sisi wengine. Na mwanamume akioa huhamia kwa kina mke, akawalimia. Mjomba huyu alikuwa karani wa baraza pale Newala, mtu mrefu, suruali zake zimenyooshwa kwa pasi mpaka ungeweza kukatia mkate. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kunitazama mara moja, akasimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi, akaondoka. Baadaye akatuma neno: "Sijasema hapana. Sijasema ndiyo. Tuone kwanza." Tuone nini, hakusema, lakini kila mtu alijua. Jembe hilo atalishikaje?

Binti mwenyewe alituma kikapu cha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini ambavyo kuvichimba ni kazi ya siku nzima, na ujumbe wa maneno mawili: "Mimi nipo." Nilivila vyote bila kumpa jirani hata kimoja. Mungu anisamehe.

Wodini watu walikuwa wapole. Lo, walikuwa wapole! Walizungumza nami kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Ndugu zangu walitoka Chiwata kwa miguu, wakafika, wakanyamaza, wakarudi. Hakuna aliyenitania, na kwetu mtu asiyetaniwa yu karibu na kaburi.

Mmoja tu alikuwa tofauti, dresa wa wodi, mfunga vidonda, Mngoni kutoka Songea. Zamani babu zake waliwavamia babu zetu, nao wakapanda mlimani kujificha, na kwa sababu ya mambo hayo leo Mngoni na Mmakonde ni watani. Ana ruhusa ya kunitukana, nami sina ruhusa ya kukasirika. Asubuhi moja alikuja na beseni lake la dawa, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Wewe Mmakonde. Babu zenu waliwakimbia babu zetu mpaka mkaenda kuishi huko kusiko na maji. Leo nimekukuta umelala, hata kukimbia huwezi. Nikufanye nini?"

"Nichukue mateka," nikamwambia. "Lakini utanibeba mwenyewe. Miguu imegoma."

"Nikubebe? Jitu zito kama kinu! Kaa hapohapo ule uji."

Nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akalalamika. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu lile tawi.

Fundi wa karakana ya misheni alinitengenezea kiti: magurudumu mawili ya baiskeli, mbao za mninga, na kigurudumu cha toroli nyuma. Kilikuwa kizito kama kanisa, na kila kikikata kona kililia kama fisi. Siku niliyokaa humo kwa mara ya kwanza dresa alinisukuma mpaka kwenye chumba ambamo wafanyakazi walipumzika jioni. Katikati kulikuwa na meza ndefu ya mbao. Wavu wake ulikuwa bendeji iliyofungwa kwenye vijiti viwili. Vibao vilikatwa kwenye makasha ya chai, vikabandikwa mpira wa ndani wa baiskeli. Akatupa kipira cheupe upande wangu, kikadunda, kikanipiga paji la uso.

"Rudisha," akasema.

"Miguu sina."

"Nimekuomba miguu? Rudisha kipira."

Meza ilinifika kifuani, kwa hiyo akanikalisha juu ya mto wa sufi. Nikajinyoosha kufuata kipira, nikaanguka kutoka kitini. Akaniinua, akanifunga tumboni kwa bendeji, tukaendelea. Nilianguka siku ile mara mia. Mke wangu anasema mara nne, lakini hakuwapo.

Nilijifunza polepole. Mwenye miguu hukifuata kipira. Mimi ilinibidi kukifanya kipira kinifuate. Nikagundua kwamba ukikipiga chini, karibu na wavu, katikati, mwenzako hana pembe ya kukupeleka mbali. Mkono wa kushoto ukawa wa gurudumu, wa kulia ukawa wa kibao. Na mikono ninayo, jamani. Mikono iliyokuwa ikirusha magunia ya korosho ilipokutana na kipira chepesi kama ganda la yai, ilikuwa kama imeachiwa likizo. Kipira kikibonyea tulikichovya kwenye maji ya moto kikajaa tena. Tulikuwa na viwili tu, na tulivitunza kama mayai ya mbuni.

Jioni nyingine nilikuwa shule. Misheni ilikuwa na madarasa ya watu wazima baada ya kazi, chini ya taa moja ya chemli, na mwalimu aliyesinzia kabla ya wanafunzi. Huko ndiko nilikosomea mpaka nikahitimu, kwanza kati ya wote, na ingawa tulimaliza watu sita tu, kwanza ni kwanza. Wakanipa kazi ya kuandika kadi za wagonjwa dirishani. Nikapanga chumba karibu na barabara kuu. Nikawa mtu tena. Lakini tangazo la tatu bado lilikuwa halijasomwa, na mwaka ulikuwa umepita.

Ndipo dresa akaniambia habari aliyoipata kwa dereva. "Unajua bingwa wa mpira wa meza Newala ni nani? Yule karani, mjomba wa mchumba wako. Hajafungwa na mtu."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Alisema tuone kwanza. Basi aone. Anione nacheza mchezo wa kweli na mtu mzima, halafu aseme hilo neno lake.

Shida ilikuwa kuupata huo mchezo wa kweli. Timu yetu ya Ndanda ilikwenda kucheza Masasi, na pale Mkomaindo, hospitali yao, nilishinda michezo mitano bila kutoka jasho. Nilianza kujisifu kabla hatujatoka pale. Nilipomaliza, dresa akaniuliza, "Yule mwalimu uliyemfunga, uliona alivyokosa kile kipira cha mwisho?"

"Nilimzidi."

"Bata angekipiga kile. Walikuachia wote, bingwa wa huruma."

Nilinyamaza kutoka Mkomaindo mpaka karibu na nyumbani, na mtu yeyote anayenijua atakuambia hiyo ni rekodi. Alisema kweli. Walikuwa wakikipeleka kipira wavuni na kupiga makofi. Na kwa vipira vya huruma, mjomba angeona nini?

Jumatatu ya Pasaka timu yetu ilialikwa Newala. Tulipanda lori la misheni, kiti changu kimefungwa kamba juu ya mizigo, mimi nimewekwa mbele kwa dereva, na dresa amesimama kwenye kikanyagio nje ya mlango. Tulipofika ile kona, dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa. Matawi yalikuwapo bado, yote mawili. Mwaka mzima nilikuwa nikiliwaza lile la pili kama nguzo ya daraja. Lilikuwa jembamba, kama mpini wa jembe, na ndege mdogo ametulia juu yake.

"Lisalimie," akasema dresa dirishani. "Ni kubwa kwako."

"Shikamoo, tawi," nikasema.

Tukasubiri kidogo. Upepo haukuvuma.

"Halijaitikia. Lina kiburi. Twende, dereva."

Newala ilikuwa na ubaridi wake wa asubuhi, na wanawake walikuwa wakipanda kutoka bondeni na debe za maji kichwani. Bendera ya Malkia ilikuwa mlingotini mbele ya boma. Meza ilikuwa imewekwa ndani ya ukumbi wa baraza, na meza hiyo, naapa, ilikuwa meza ya dukani, ya kijani, yenye mistari myeupe na wavu wa nyuzi. Watu walijaa mpaka madirishani. Kwenye dirisha la kushoto nilimwona mchumba wangu. Hakupunga mkono wala nini. Alitikisa kichwa kidogo tu kuitikia, kama mtu aliyehakikisha kitu kipo mahali pake.

Karatasi zilitiwa ndani ya kofia ili kupanga nani acheze na nani. Dresa ndiye aliyechota kwa upande wetu. Mchezo wa mwisho: mjomba na mimi. Mpaka leo dresa anaapa kwamba ilikuwa bahati, na mpaka leo simwamini.

Michezo mingine ikachezwa. Tukashinda miwili, wakashinda miwili. Mchezo wetu ndio ungeamua. Nikajisukuma mpaka mezani, nikakamata kibao, na hapo ndipo akili ikanijia kwamba siwezi kucheza kabisa.

Ni ukwe. Kwetu mchumba hamtazami machoni mjomba wa mchumba wake. Hapiti mbele yake, hacheki mbele yake, na kumrushia kitu, hata jani, ni matusi makubwa. Baba yangu alijificha nyuma ya nyumba miaka mitatu kila mkwewe alipopita njia. Haya hiyo ina namna yake ya kufunguliwa: mkwe mdogo humtolea mkubwa kuku, na mkubwa akimpokea kwa mikono miwili mbele ya watu, basi, imekwisha. Baada ya hapo wanaweza kula sahani moja, hata kutaniana. Lakini kuku huyo hatolewi na kila mpita njia. Hutolewa na mkwe. Na mimi, kwa hesabu ya matangazo, nilikuwa theluthi mbili ya mkwe.

"Shikamoo, Mzee," nikauambia wavu.

"Marahaba," akaitikia, akiitazama picha ya Malkia ukutani.

Akaanzisha. Kipira kilikuja taratibu kama kinatembea kwa mkongojo. Nikainamisha macho, nikakigonga wavuni. Moja kwake. Akaanzisha tena, nami nikakigonga wavuni tena. Zamu yangu ilipofika nilianzisha kwa adabu, naye akakipeleka nje ya dirisha. "Bahati mbaya," akasema. Kilichofuata akakipeleka kwenye miguu ya wazee waliokaa mbele. Mimi namwachia kwa heshima, yeye ananiachia kwa huruma, na pointi zinapanda sawasawa bila kipira kuvuka wavu mara mbili mfululizo. Watu walipiga makofi mwanzoni. Halafu wakaacha. Halafu wakaanza kukohoa.

"Jamani!" dresa akapaza sauti kutoka nyuma. "Hawa wanacheza au wanaagana?"

"Hata kipira chenyewe kimechoka kuokotwa," akasema mama mmoja dirishani.

Mjomba alikuwa mchezaji, na mchezaji ana wivu na mchezo wake. Niliona shingo yake ikivimba. Akaja karibu na wavu, akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, cheza."

"Siwezi, Mzee. Naona haya."

"Haya gani? Mimi ni nani wako?"

Ukumbi ulikuwa kimya, na lile neno la chini lilisikika mpaka dirishani. Nilikiangalia kibao changu. "Hilo jibu unalo wewe, Mzee," nikasema. "Na wewe mbona hupigi?"

"Nikimpiga mtu aliye kitini, watu watanionaje?"

"Basi tumekwama."

"Tumekwama," akakubali, na kwa kweli alionekana mtu mwenye huzuni.

Wakati huo dresa alikuwa ametoweka. Tukasikia kelele uani, mbawa, debe likianguka, na sauti ya mwanamke: "Mwizi! Kuku wangu! Anataga huyo!" Mlango ukafunguka, dresa akaingia mbio na kuku mwekundu mikononi, na nyuma yake mke wa mjomba na mwiko. Nyumba ya karani ilikuwa ubavuni mwa baraza.

"Siibi, mama, nateka! Mimi Mngoni, ndiyo kazi yetu!" Akaja mpaka kwenye kiti changu, akanitia kuku mapajani, akasema mbele ya watu wote, "Mtolee mkweo, mcheze. Tuna safari sisi."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani nilimwona yule wa dirishani ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Nikamwinua kuku kwa heshima, nikainamisha kichwa.

Mjomba akamtazama kuku. Akatazama meza, zile pointi za aibu zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, wageni wa Ndanda, watu wake wa Newala. Akatazama kibao chake. Nilikuwa naangalia viatu vyake tu, na viatu vile vilisogea kushoto, vikasogea kulia, vikatulia. Akakibana kibao kwapani. Akanyoosha mikono miwili, akampokea kuku.

Vigelegele vilivyopigwa vilitikisa mabati. Ndipo mjomba alipostuka. Mkewe akashusha mwiko.

"Baba! Umepokea kuku wa ukwe!"

"Nimepokea kuku wangu mwenyewe!"

"Wako au wa nani, umepokea. Tena kwa mikono miwili. Tumekuona."

Akasimama na kuku kifuani, kuku anamtazama kwa jicho moja. Kisha mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, na akamkabidhi mkewe kuku, akapandisha mikono ya shati. "Futa hizo pointi," akamwambia aliyeshika chaki. "Tunaanza. Na wewe, mkwe, nitazame."

Nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Yalikuwa macho ya mtu wa kawaida, na yalikuwa yakiniwinda.

Alichezaje! Alinipiga kushoto nikageuza gurudumu, akanipiga kulia nikajinyoosha mpaka bendeji ya tumbo ikalia. Nami sikumwonea haya. Nilimlazia vipira karibu na wavu, akaja mbio, nikamrudishia tumboni. Kiti kililia kama fisi kumi. Katikati ya mchezo kipira kikabonyea, na nani Newala atakupa maji ya kuchemshia kipira, maji yaliyopandishwa mlima kwa kichwa? Kikachovywa ndani ya kikombe cha chai cha mjomba. Kikarudi na rangi ya hudhurungi kidogo, tukaendelea nacho. Jasho lilimtoka, na zile suruali za kukatia mkate zikawa kama zimetafunwa na ng'ombe. Tulifika kumi na tisa kwa kumi na tisa. Ningependa kukuambia nilishinda, na katika miji mingine nimewahi kusema hivyo. Lakini hapa mke wangu anasoma juu ya bega langu. Alinifunga, ishirini na moja kwa kumi na tisa.

Alizunguka meza, akaja kukaa kwenye benchi kando yangu, anahema. Tulikaa tukitazama watu wakikunja wavu.

"Na jembe?" akauliza baadaye, polepole.

"Jembe siwezi, Mzee. Naandika kadi za wagonjwa. Mshahara ukitoka, mtu wa kuwalimia nitamtafuta."

Akavitazama viganja vyake, laini, vya wino. "Mimi mwenyewe," akasema, "jembe nililiacha siku nyingi." Akainuka akaenda kunawa.

Baada ya siku ile nilicheza miaka mingi. Nilicheza Lindi, nilicheza Mtwara, nilicheza Songea kwa kina dresa ambako walinitukana kwa furaha siku tatu. Nimefunga watu wengi na wengi wamenifunga, na hakuna tena aliyeniachia, kwa sababu habari za mjomba zilinitangulia kila mahali. Kiti kilibadilishwa magurudumu mara nyingi kuliko lori.

Lakini kwanza kulikuwa na lile tangazo. Padri wa Newala alisema yale mawili ya mwanzo yameshachacha kama togwa ya juzi, kwa hiyo tuanze upya. Ndiyo maana mimi ni Mmakonde pekee ninayemjua aliyetangazwa kanisani mara tano kwa mke mmoja. Jumapili ya tangazo la mwisho nilikuwa mbele, pembeni ya mimbari, kwa sababu kiti hakikupita kati ya viti vya watu. Mjomba alikuwa safu ya pili, suruali zimerudi kunyooka. Dresa, kwa kuwa ni wa dini ya Ndanda, Mkatoliki, hakuruhusiwa kuingia kanisani kwetu, akasimama nje dirishani.

Padri akasoma jina langu, akasoma jina la binti, akauliza kama kuna mwenye kujua kizuizi. Kimya. Na katika kimya kile, dirishani, mtu akakohoa.

Kanisa zima likageuka. Moyo wangu ulisimama, ukakaa, ukasimama tena.

"Una neno?" akauliza padri.

"Hapana, Padri," akasema dresa. "Ni mfupa wa kuku."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, humo humo kanisani, mabega yakitikisika. Padri akasubiri mpaka alipomaliza, akaandika kwenye daftari lake, akalifunga.